Tarakimu Tisa Ubaoni

Inspekta alikataa kiti kwa mara ya pili. Tangu aingie katika jiko lile hakuwa amekaa. Alitembea kutoka dirishani hadi kwenye friji, kutoka kwenye friji hadi ubaoni, akageuka na kuanza upya, kama mtu aliyeangusha funguo na hataki kusema. Kila alipopita, kaka mkubwa wa nyumba ile alivuta miguu yake chini ya meza asije akakanyagwa.

Kituoni walimwita Tena. Jina hilo alibandikwa na wahalifu wenyewe kwa sababu ya sentensi yake moja, na ilisemekana kuna waliokiri ili tu wasiisikie kwa mara nyingine.

"Hebu sema tena," alimwambia binti wa mzee. "Alhamisi, kuanzia asubuhi."

Binti alikuwa amesimama kando ya jiko la gesi, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya tumbo lake la miezi saba. "Asubuhi nilimwacha baba hapa anakunywa chai. Nikaenda kazini na mume wangu. Mama mdogo alikuwa kliniki ya macho. Tuliporudi jioni, baba hayupo. Simu yake ipo kwenye chaji, pale. Dawa yake ya sukari ipo kwenye friji. Na ubaoni kuna hiyo."

Ubao ulikuwa mweupe, wa kufutika, umetundikwa kati ya friji na mlango wa nyuma. Mzee alifundisha hesabu maisha yake yote, na alipostaafu aliuleta ubao nyumbani kama mwingine anavyoleta saa ya ukutani. Juu yake palikuwa na namba moja tu, imeandikwa kwa wino wa buluu, mkono umenyooka:

539353144

"Na leo ni Jumatatu," alisema kaka mkubwa. "Tangu Alhamisi baba hajachomwa sindano yake ya insulini. Inspekta, sisi tunakaa hapa tunasoma ukuta."

"Asante kwa kunikumbusha siku," alisema Inspekta, akafungua friji.

Kichupa cha insulini kilisimama mlangoni, karibu na chupa ya maziwa, kimebaki nusu. Alikitazama, akafunga, akafungua tena. Kwenye sinki, mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mke wa mzee, alikuwa akiosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Vijana wako kwenye mfereji mkubwa nyuma ya soko," alisema mkuu bila salamu. "Mbwa wapo. Nianze au nisianze?"

"Nipe kidogo, mkuu."

"Kidogo kiasi gani? Mvua inakuja. Maji yakijaa mle, tutatafuta mpaka tuzeeke."

"Ukisikia radi, anza."

Alikata simu. Binti alikuwa amesikia neno mfereji, na mkono wake wa tumboni ulikuwa umekaza kanga.

Hapo ndipo sajini alipoingia kwa mlango wa nyuma, akihema. Alikuwa mtu mnene, mwenye upole ambao watu waliudhania usingizi. Alimsalimia mama mdogo shikamoo, akavua kofia, akakaa kwenye kile kiti ambacho Inspekta alikikataa.

"Afande, ile namba siyo ya simu," alianza. "Tumeweka sifuri mbele, tumepiga, haipo. Tukaenda ofisi za mabasi kuuliza kama ni namba ya mzigo. Wakapekua, wakatutolea gunia la soksi za mtu. Nikawaambia mimi natafuta mzee, siyo soksi."

"Na duka la dawa?"

"Hapo sasa." Sajini aliteremsha sauti, lakini jiko lilikuwa dogo na kila mtu akasogea. "Risiti tuliyoikuta kwenye koti lake siyo ya duka la mtaa huu. Ni ng'ambo kabisa ya mji, nyuma ya hospitali kuu. Muuzaji anamjua vizuri, anamwita Mwalimu. Anasema mzee hununua vichupa viwili kila mara. Miaka mingi sasa. Viwili."

Inspekta alimgeukia binti. "Hapa huwa mnavikuta vingapi?"

"Kimoja." Binti alikunja uso. "Siku zote kimoja."

"Basi kuna friji nyingine," alisema Inspekta.

Kaka mkubwa aliinuka taratibu, akaegemeza ngumi zake mezani.

"Friji nyingine ya nani? Baba yangu ana miaka sabini na mbili. Unataka kuniambia ana mchepuko?"

"Mimi nimesema friji," alisema Inspekta. "Hayo mengine umeyasema wewe."

Sajini alikohoa kuficha kicheko. Kaka mkubwa hakucheka. "Nikwambie kilichotokea. Sukari ikimpanda, baba anachanganyikiwa. Mwaka jana alitoka na pajama kwenda kusimamia mtihani wa shule iliyokwisha kuvunjwa. Alhamisi imempanda, ameandika takataka ubaoni, ametoka, ameanguka mahali. Sasa hivi yuko kwenye huo mfereji, na ninyi mnahesabu vichupa."

"Kaka," alisema binti.

"Nimekosea wapi? Wewe si ndiye uliyeigawanya? Mwambie."

Inspekta alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile miguu yake kutulia. "Uliigawanya? Kwa nini uligawanya namba?"

Binti aliona haya, kama mtu aliyeulizwa jina la utani la nyumbani mbele ya wageni.

"Ni mambo ya kwetu tu. Kwetu kila mtu ana namba yake. Baba anakupa ukizaliwa, au ukiolewa ukaingia. Lazima iwe namba tasa, ile isiyogawanyika kwa kitu isipokuwa moja na yenyewe. Ukitoka, unaandika ubaoni namba za wote utakaokuwa nao, pamoja na yako, umezizidisha. Baba ni mbili. Kaka ni tano. Wakitoka wawili, kumi. Mimi kumi na tatu, nikitoka na baba, ishirini na sita. Anayebaki anagawanya, anajua nani yuko na nani."

"Na kama kuna njia mbili za kugawanya?" aliuliza sajini.

"Hakuna. Ndiyo maana zikawa tasa. Baba husema namba moja haiwezi kuwa na familia mbili." Alisita. "Na mtu akilala huko, idadi ya usiku ndiyo idadi ya mara kila namba inapoingia. Usiku mmoja, mara moja. Usiku wa pili, mara ya pili."

"Mbona hukuniambia Ijumaa?"

"Kwa sababu haikusema kitu. Niliigawanya usiku uleule. Inakubali mbili mara tatu, ya nne inakataa. Nikafurahi, nikasema baba amelala nje, atarudi Jumapili. Kinachobaki ni milioni sitini na saba na ushee. Nikakijaribu kwa watu wote wa nyumba hii. Tano, saba, sisi wote. Hata ya mama, ingawa ni marehemu. Hakuna inayoingia. Kama angekuwa peke yake, mbili mara tatu ni nane, angeandika nane. Hiyo nyingine yote haina mtu."

"Takataka," alisema kaka mkubwa, na sauti yake ilipasuka kidogo katikati.

Inspekta alitazama ubao. Kisha akamtazama mama mdogo, ambaye alikuwa ameacha vikombe na sasa anaufuta ubao kwa kitambaa kikavu: pembe, fremu, ukingo wa kuwekea kalamu. Alifuta kila mahali, akaizunguka ile namba kwa uangalifu kama mtu anayefagia pembeni ya mtoto aliyelala.

"Mama, wewe namba yako ni ngapi?"

"Mimi?" Mama mdogo alirudisha kitambaa begani. "Mimi nimekuja kumuuguza dada tu, mwanangu. Hesabu siziwezi."

"Jumapili ilikuwa jana," Inspekta alisema, kama anajisemea, akaanza tena kutembea. Friji, ubao, dirisha. Nje wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa za nyumba za jirani. "Mzee wa hesabu amepanga siku tatu, ameacha kichupa hiki kwa sababu anacho kingine huko. Hakuchanganyikiwa alipotoka. Lakini jana hakurudi. Kwa hiyo kilichoharibika kimeharibikia huko. Sasa nitajie hizo namba zenu."

"Zote?"

"Zote, kwa mpangilio. Usiruke."

Binti alizitaja kwa kuimba, kama watoto wanavyotaja siku za wiki. "Baba mbili, mama tatu, kaka tano, kaka wa pili aliye ughaibuni saba, mimi kumi na tatu, mke wa kaka kumi na saba, watoto wake kumi na tisa na ishirini na tatu, mume wangu ishirini na tisa, mke wa kaka wa pili thelathini na moja. Halafu huyu." Aligusa tumbo. "Huyu baba amemwekea thelathini na saba. Anaipenda hiyo namba. Anasema ukiizidisha kwa tatu unapata moja moja moja, kwa sita mbili mbili mbili. Anasema ni namba ya mtoto mchangamfu."

"Hebu sema tena."

Sajini aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Binti alianza upya: mbili, tatu, tano, saba, kumi na tatu.

"Hapo," alisema Inspekta. "Saba, halafu kumi na tatu. Mimi hesabu niliziacha sekondari, na hazikulia. Lakini kumi na moja inagawanyika kwa nini?"

Kaka mkubwa alianza kuhesabu kwa vidole juu ya meza.

"Haigawanyiki," alisema binti polepole. "Ni tasa. Lakini kumi na moja haina mtu. Tulipokuwa wadogo tulimwuliza baba, akasema ilianguka njiani akiwa anatuletea. Tulikuwa tunaitafuta chini ya vitanda."

"Ukaijaribu? Uligawanya kwa kumi na moja?"

"Kwa nini nijaribu? Haina mtu."

Bomba la sinki lilifunguliwa kwa nguvu, maji yakaruka mpaka sakafuni. Mama mdogo alilifunga, asigeuke.

"Jaribu sasa," alisema Inspekta.

Binti alisogea ubaoni. Hakuhitaji karatasi. Kuna njia ya kumi na moja ambayo baba yake aliwafundisha wanafunzi wa miaka yote: unaanza na tarakimu ya kwanza, unatoa ya pili, unaongeza ya tatu, unatoa ya nne, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ikibaki sifuri, au kumi na moja yenyewe, inagawanyika. Alitembeza kidole chini ya namba bila kuigusa.

"Tano, toa tatu, mbili. Ongeza tisa, kumi na moja. Toa tatu, nane. Ongeza tano, kumi na tatu. Toa tatu, kumi. Ongeza moja, kumi na moja. Toa nne, saba. Ongeza nne..."

Kidole kilibaki hewani.

"Kumi na moja," alisema kaka mkubwa kutoka mezani. Alikuwa akifuata kimoyomoyo.

Binti alichukua kalamu ya ubao, akaandika pembeni kile kilichobaki baada ya zile mbili tatu: 67419143. Akagawanya kwa kumi na moja. Ikakubali. Akagawanya tena, ikakubali. Mara ya tatu ikakubali, na ya nne ikakataa. Chini palibaki 50653.

"Mara tatu," alisema Inspekta. "Kama mzee. Huyo asiye na mtu amekaa naye usiku zote tatu. Sasa hiyo ya mwisho."

Binti hakugawanya. Aliitazama hamsini elfu mia sita hamsini na tatu kama mtu anavyotazama shati la mumewe kwenye kamba ya jirani.

"Hii naijua," alisema. "Nimeicheza kichwani tangu niambiwe nina mimba, kila nikikosa usingizi. Thelathini na saba, mara thelathini na saba, mara thelathini na saba." Aligeuka. "Lakini sikuijaribu, maana wangu yuko hapa. Hajazaliwa."

Kaka mkubwa alikaa chini. Sajini, ambaye kwa kawaida alikuwa na neno kwa kila jambo, alivaa kofia yake, akaivua.

"Mbili, kumi na moja, thelathini na saba," alisema Inspekta. "Kila mmoja mara tatu. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kupanga safu namna hiyo. Namba zinatolewa kwa zamu, na zamu iliyofuata ilikuwa thelathini na saba. Kama siyo wako, basi kuna mtoto mwingine amewahi." Alisogea mpaka kwenye sinki, akasimama bega kwa bega na mama mdogo, akasema kwa sauti ya chini: "Mama. Ulikuwa unaifuta pembeni tu. Unajua kusoma."

Mama mdogo alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua.

"Dada aliniapisha," alisema.

"Dada yako hawezi kukudai tena. Mzee anaweza kufa."

Mama mdogo alisema akitazama dirisha, siyo watoto.

"Mwenye kumi na moja ni mtoto wa baba yenu na mwalimu mwenzake. Alizaliwa mwaka mmoja kabla yako wewe, binti yangu. Baba yenu alikuja akasema mwenyewe, alisimama papo hapo mlipo. Dada hakupiga kelele. Alimaliza kukata vitunguu, akamwambia: namba mpe, mlango usimpe. Baba yenu akakubali. Akampa kumi na moja, na kumi na moja haikutajwa tena humu ndani. Dada alipokuwa anaumwa, mwishoni, aliniuliza kama yule mtoto ameolewa. Nikamwambia sijui. Akasema, basi."

"Mama mdogo," alisema kaka mkubwa. "Umekaa na sisi miaka yote hii."

"Nimekaa nanyi, ndiyo. Ningefanyaje? Ningewagawanya?"

"Anakaa wapi?" aliuliza Inspekta.

"Sijui, kwa Mungu mmoja. Ninachojua ni kwamba mama yake alifariki, na yeye sasa ana mimba ya kwanza. Mzee aliniambia mwezi uliopita. Alikuwa na hofu. Alisema binti anavimba miguu na wakati wa kujifungua bado sana."

Nje, mbali, ngurumo ilibingirika kama pipa tupu.

Inspekta alikuwa tayari na simu sikioni. "Mkuu, usianze. Ondoa vijana kwenye mfereji. Ndiyo, nawajibika mimi. Andika jina langu, na lile la utani pia ukipenda." Akakata, akamtazama sajini. "Ijumaa uliuliza hospitali zote. Uliuliza nini?"

"Kama kuna mzee mgonjwa ameletwa, mwenye jina au asiye na jina. Wakasema hakuna."

"Hakuletwa. Amekwenda kwa miguu yake, na siyo mgonjwa, ni mgeni. Duka lake la dawa liko nyuma ya hospitali kuu. Washa gari."

Binti alikuwa ameshafungua friji. Alitoa kichupa, akakitia kwenye chupa ndogo ya chai pamoja na vipande vya barafu alivyovifunga kwenye mfuko.

"Wewe unabaki," kaka yake alimwambia. "Hali yako hiyo."

"Hali yangu inaenda," alisema binti. "Wewe ndiye ubaki, ukiendesha gari hivyo ulivyo utatuua. Kaa na mama mdogo. Na usimfokee."

Hospitali kuu ilikuwa na harufu ya dawa ya kusugulia sakafu na nguo mbichi. Mvua ilikuwa imewaingiza watu wote ndani, na korido ya wodi ya wazazi ilijaa akina shangazi wenye vikapu. Inspekta alipita katikati yao haraka, akiomba radhi kwa bega. Muuguzi wa zamu hakutaka maneno mengi: hakuwa na orodha ya wageni, alisema, lakini kama ni babu yule asiyesikia, yuko kule mwisho, mlango wa watoto njiti.

"Asiyesikia?"

"Tunamwambia nenda kapumzike, hasikii. Binti yake alijifungua Alhamisi jioni, kwa upasuaji, miezi saba na nusu. Mama anaendelea. Mtoto tangu jana asubuhi hapumui vizuri. Tangu hapo babu hajainuka kwenye lile benchi, isipokuwa kunywa maji. Anakunywa maji kama ngamia."

Binti alisikia habari ya maji, akaacha kutembea, akaanza kukimbia vile mjamzito anavyoweza kukimbia.

Mzee alikuwa ameketi wima, shati limefungwa mpaka shingoni, midomo mikavu imepasuka, macho mekundu. Miguuni kwake chupa tupu za maji zilisimama kwa mstari. Alipomwona binti yake hakushtuka. Alionekana kama mwanafunzi anayeona mwalimu anakuja na karatasi zilizosahihishwa.

"Umeigawanya," alisema, ulimi mzito.

"Baba, lini mara ya mwisho umechoma sindano?"

"Juzi. Kichupa kiko nyumbani kwake. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda. Jana nilitaka kwenda, daktari akatoka. Nikitaka kwenda, daktari anatoka."

Muuguzi alikwisha kuleta kipimo cha sukari. Alimtoboa kidole, akasoma, akakunja uso, akaita daktari bila kupaza sauti, jambo ambalo lilimtisha Inspekta kuliko kelele. Daktari kijana alikuja, akatazama, akataja kipimo cha dozi. Binti alifungua chupa yake ya chai, akatoa kichupa kutoka kwenye barafu, na muuguzi alipomwona anavyovuta dawa ndani ya bomba la sindano akamwachia amalizie. Dripu ilitundikwa kwenye msumari wa dirisha, kwa sababu mzee alikataa katakata kuhamishwa pale mlangoni.

Inspekta aliegemea ukuta mkabala nao. Alikuwa na swali moja la kazi, na alilazimika kuliuliza.

"Mzee, simu uliiacha kwenye chaji. Sawa, ulikuwa na haraka. Lakini simu humu zimejaa. Namba za watoto wako huzijui?"

"Namba nazijua zote, ziko kichwani." Mzee alifumba macho. "Maneno ndiyo sikuwa nayo. Nilisema nitarudi Jumapili, niwaambie uso kwa uso. Jumapili ikanikuta hapa."

"Na ubaoni? Kwa nini uliandika kweli? Ungeweza kuandika nane, kama aliye peke yake. Wangesubiri bila wasiwasi."

"Ubaoni sijawahi kusema uongo," alisema mzee, kama anajibu jambo dogo.

Binti alikuwa anaangalia kioo cha mlango. Ndani palikuwa na masanduku ya kioo yenye joto, na katika moja, mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu ameingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameinama. Alikuwa na kisogo cha baba yao, kile kile, na namna ile ile ya kuinamisha shingo upande wa kushoto anapofikiri.

"Baba," alisema binti bila kugeuka. "Uliandika asubuhi. Mtoto amezaliwa jioni. Ulimpa thelathini na saba hata kabla hajafika."

"Walituambia huenda asifike." Mzee alihangaika kukaa vizuri, muuguzi akamshika bega. "Nikasema awe na namba yake kwanza. Mwenye namba anahesabiwa. Najua nilikuahidi wewe. Nilikuwa nikikaa hapa nalifikiria hilo kuliko yote mengine. Kwamba nimekunyang'anya."

Binti alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba Inspekta, kwa mazoea, nusura aseme ile sentensi yake.

"Wangu atachukua arobaini na moja," alisema hatimaye. "Naye ni mchangamfu, anapiga teke sasa hivi. Anayefuata kwa zamu ndiye anayepewa. Si ndiyo sheria?"

Mzee alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kutikisa.

Mlango ulifunguliwa. Yule mwanamke wa kiti cha magurudumu alisukumwa nje, uso umevimba kwa kutolala, akaona sare ya sajini, akaona dripu, halafu akamwona binti na tumbo lake. Hawakuwahi kuonana. Walitazamana jinsi watu wanavyojitazama kwenye kioo cha duka wasichokitarajia.

"Anapumua," yule mwanamke alisema, kwa wote, kwa yeyote. "Wametoa mpira mmoja. Anapumua mwenyewe."

"Shikamoo, dada," alisema binti.

Yule mwanamke alifunika mdomo kwa mkono. Akajibu kwa sauti ndogo sana. "Marahaba."

Inspekta aliondoka ukutani. Alimwambia sajini wasubiri nje, kisha akagundua kwamba sajini alikuwa ametoka zamani na anapenga makamasi karibu na ndoo za usafi. Alikuwa anapita mlangoni aliposikia binti anaongea na simu.

"Kaka? Yupo. Ni mzima, wamempa dawa. Nisikilize. Futa ubao. Ndiyo, yote. Sasa andika: elfu kumi, mia tano themanini na mbili."

Inspekta alisimama. Kwenye simu palisikika mlio wa kitambaa juu ya ubao, kisha kalamu. Kisha kimya cha mtu anayegawanya. Mbili ingeingia, kila mtu angeiona, namba iliishia na mbili. Kumi na tatu ilikuwa ya binti mwenyewe. Thelathini na saba alikwisha kuifahamu asubuhi. Kimya kiliendelea, na mvua juu ya bati za korido ilipiga kwa pupa, halafu ikalegea.

"Inaingia kumi na moja," alisema kaka mkubwa, mbali, kwa sauti ya mtu mdogo zaidi kuliko yeye.

"Inaingia, kaka."

Kaka akavuta pumzi, ikasikika mpaka mlangoni. "Basi msiandike nyingine mpaka nifike," alisema. "Nakuja na mama mdogo. Mtaizidisha kwa tano."